Kabureta Husingiziwa: Barua kwa Mwanangu Aliye Kabale

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Salaam aleikum. Huku nyumbani sote wazima, mvua imeshika na mahindi yanakwenda vizuri. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema tangu ulifikishe gari Kabale linatoa moshi mweusi, mlimani linavuta kwa shida, na ukiondoa mguu kwenye mafuta linazima. Fundi wa hapo amekwambia kabureta imekufa, ununue nyingine. Usinunue. Angalau subiri kwanza uisome barua hii mpaka mwisho.

Ningeweza kukupigia, lakini haya ukiyasikia kwa simu utakuwa umeyasahau kabla hujafungua boneti. Barua utaitia kwenye droo ya gari, utaishika na mikono yako ya grisi, haidhuru.

Unajua duka la spea nililishika tangu hujazaliwa. Kabureta nimeziuza nyingi, na nilichojifunza kwenye ile kaunta ni kwamba wengi walionunua walirudi na shida ile ile. Kabureta mpya imefungwa, pesa imekwenda, gari bado linakohoa. Kabureta husingiziwa, mwanangu. Ndiyo inayochanganya petroli na hewa, iko juu kabisa ya injini, inaonekana, ina skrubu za kuchezea, basi kila mwenye bisibisi anaanzia hapo. Kumbe kosa liko kwenye plagi, au pointi, au mpira uliopasuka, au petroli yenyewe. Wewe iache iwe ya mwisho kuguswa.

Halafu usiwalaumu sana vijana wa gereji. Mwaka 2018 sheria yetu ya Uganda ilikataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo magari ya kabureta hayaji tena. Fundi wa umri wako amekulia kwenye injini za sindano, zinazopuliziwa petroli bila kabureta, anachomeka mashine inamwambia kosa. Corolla yako ya KE70, yenye injini ya 4K ya sisi 1,290, haina pa kuchomeka kitu. Wanaoijua ni mafundi wazee wa Kisekka na Ndeeba kule Kampala, nao wanazidi kuzeeka. Inabidi ujifunze mwenyewe, na si vigumu, maana injini ile inataka vitu vitatu tu: cheche kwa wakati wake, petroli, na hewa.

Kabla ya yote, tuliweke sawa jambo la mlima, kwa sababu najua watakwambia "ni mlima tu". Tororo tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale iko karibu 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri, lakini kabureta haina akili ya kupima uzito wa hewa. Inaona tu inavyopita kwa kasi, inaachia petroli ile ile iliyozoea. Kwa hiyo ni kweli, ukifika Kabale petroli inazidi kidogo na nguvu inapungua kidogo. Kidogo tu. Mlima peke yake hauwezi kukutolea moshi mweusi mpaka majirani waufunge mlango. Ukiona hivyo, kuna kitu kingine. Na mtu akitaka kukubadilishia jeti, vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, kwa sababu ya mlima, mkatalie, kwani siku utakayoteremka kuja kutusalimia, injini hiyo hiyo itakosa petroli ya kutosha na itachemka njiani.

Sasa anza na kitu cha bure. Gari likiwa limezimwa na limeshapata moto, fungua ile nati ya masikio, ondoa kifuniko cha filta ya hewa, uchungulie mdomo wa kabureta. Kuna kibati chembamba kinachofunga na kufungua. Hiyo ndiyo choki. Injini ikiwa na moto kibati kinatakiwa kisimame wima, wazi kabisa. Nakifikiria hicho kabla ya kingine chochote, na sababu ni baba yako. Miaka yote aliyoliendesha gari hapa Tororo hakuwahi kuvuta choki, hakuna baridi ya kumlazimisha. Wewe uko Kabale, asubuhi vidole vinakufa ganzi, lazima unaivuta. Waya iliyolala miaka yote hiyo bila kusogea imeshika kutu ndani ya ala yake. Unavuta inakuja, unarudisha kitufe kwenye dashibodi, kumbe kule mbele kibati kimebaki nusu. Hapo unaendesha mchana kutwa na choki. Kisogeze kwa kidole. Kikigoma, tia mafuta mepesi kwenye ala na kwenye vyuma vinavyozunguka, uvute na kurudisha mpaka kilegee. (Baba yako amesoma sehemu hii juu ya bega langu, anasema si kweli, aliwahi kuvuta. Hata boneti hajui inafunguliwa wapi.)

Ukiwa hapo hapo, itoe filta yenyewe uielekeze juani. Mwanga usipopita, ni vumbi la murram. Igonge chini taratibu, na kama imeziba kabisa nunua nyingine, ni rahisi kuliko chochote atakachokuuzia yule fundi.

Kisha plagi, zile za kutoa cheche. Zitoe zote nne, lakini kabla hujang'oa waya hata mmoja, zifunge vipande vya plasta uviandike namba, na upige picha kwa simu. Zinachoma kwa mpango wa 1-2-4-3; ukizichanganya utaunda ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Ziangalie midomo. Kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Mafuta mabichi ya injini yanayoteleza ni jambo jingine, la pistoni au vali, na hilo utanipigia. Zisafishe kwa brashi, uzirudishie nafasi ya milimita 0.8, upime kwa zile nyembe za chuma ambazo mafundi huziita fila. Plagi moja iliyorudishiwa waya wake iegemeze kwenye chuma cha injini, uishike kwa plaisi yenye mpira, mwenzako apige stata. Cheche iwe ya buluu na isikike. Ikiwa ya njano na dhaifu, fungua distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, uangalie pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Uso wake ukiwa na mashimo na weusi, pitisha msasa laini, futa kwa karatasi safi, uweke nafasi ya milimita 0.45 wakati ncha ya ekseli ya distributa imeifungua kabisa. Pointi zikiungua upesi baada ya kuwekwa mpya, badilisha kondensa, kile kikopo kidogo chenye waya kilichofungwa kwenye distributa. Jaribio hili la cheche ulifanyie mbali na petroli iliyomwagika, unanielewa.

Sasa lile la kuzima ukiondoa mguu. Hapa utulie, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotapeliwa. Kwenye kabureta yako kuna kidude cha duara, saizi ya kidole gumba, chenye waya wa umeme. Ni solenoidi. Kazi yake ni kuifunga njia ya petroli ya mzunguko wa chini (injini inapozunguka bila kukanyagwa) ukizima swichi, na kuifungua ukiwasha. Waya ukichomoka au kuoza, njia inabaki imefungwa: gari litakwenda ukikanyaga, ukiachia linakufa. Washa swichi bila kupiga stata, mwenzako auchomoe na kuuchomeka ule waya, wewe uweke kidole juu ya kidude. Lazima kigonge, tik. Kisipogonga, tafuta kwanza kama umeme unafika kwenye waya. Barabara ya Ntungamo na mitikisiko yake inatosha kabisa kuulegeza. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima kwa ajili ya waya huo.

Kama solenoidi inagonga, tafuta hewa inayoiba njia. Mipira midogo inayotoka kwenye kabureta na manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) hukauka na kupasuka, hasa pale inapoingia kwenye bomba. Chukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na kila kiungo injini ikiwa inanguruma. Panapovuja pana sauti ya kufyonza. Wapo wanaonyunyizia petroli kutafuta mahali hapo. Wewe sikukuzaa uungue uso.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tunaiendea kabureta, na hata hivyo bila kuifungua. Ubavuni mwa sehemu ya petroli pana kioo kidogo chenye alama. Kifute. Gari likiwa mahali tambarare na injini inazunguka, petroli inatakiwa ikae katikati, kwenye alama. Ndani mna boya, kazi yake ni ile ile ya boya la tangi la choo: petroli ikijaa linapanda na kuisukuma sindano izibe. Ukiona petroli imepita juu ya kioo, sindano haizibi, na mara nyingi ni punje ya taka tu. Wewe na vile vituo vyako vya petroli ya jerikani, nakujua. Badilisha filta ndogo ya petroli iliyo kabla ya pampu, usiache tangi likaribie kukauka, maana taka zote zimelala chini.

Ikibidi kufungua, mtu asichokoe jeti kwa waya wala sindano ya kushonea. Jeti ni shaba laini, tundu lake limepimwa kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Ukilikwaruza limeshapanuka, na gari litakunywa petroli mpaka siku linauzwa. Zisafishwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa upepo wa pale wanapojaza matairi. Skrubu ya kuchanganya, iliyo chini, kabla ya kuigusa izungushe ndani taratibu mpaka ifike mwisho bila kukaza, ukihesabu mizunguko, uandike. Hapo unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kisha injini ikipata moto, ifungue na kuifunga robo robo mpaka izunguke laini. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu uendeshe uone. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja gari likapona, hutajua ni kipi.

Na kuna mtindo wa kumimina petroli mdomoni mwa kabureta wakati mwenzako anapiga stata. Injini ikirudisha moto, unatokea pale pale ulipoinamia. Fundi akianza kufanya hivyo, mwondolee gari. Kufyonza petroli kwa mdomo ni vivyo hivyo, hata kama baba yako alifanya.

Jumamosi nitampa kondakta wa basi kifurushi: pointi, kondensa, plagi nne, gasketi za kabureta na sindano ya boya. Vyote nilikuwa navyo kwenye sanduku la zamani la duka, hata senti usitume. Fila nimeiweka ndani ya soksi, usiitupe ukidhani ni uchafu. Pokea kifurushi mwenyewe stendi, usimtume boda.

Lakini kioo kiangalie kabla ya Jumamosi, na waya wa choki. Nipigie jioni uniambie petroli imekaa wapi: chini ya alama, juu yake, au huioni kabisa. Yule fundi mwambie tu mama yako anataka kwanza ajibiwe hilo.

Mama yako