Risasi za akiba siyo kutafuta vita

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba mtu mwenye kibali cha kutembea na rivolva (bastola yenye silinda, yaani kile kipipa kinachozunguka na kushika risasi) kwa kificho akiongeza risasi za akiba basi huyo anatafuta vita. Jamani, hapana. Na naona wengi wanafikiri kama yeye, manake wenye rivolva ninaowajua nusu hawabebi akiba kabisa, na nusu iliyobaki wanazitupa tu mfukoni na funguo na sarafu halafu wanajiona wamejipanga.

Tuanze na hesabu. Rivolva ndogo za kuficha nyingi zinakula risasi 5, zingine 6, basi. Watu wakisikia akiba wanawaza majibizano marefu ya risasi kama ya kwenye muvi, lakini mimi nawaza kitu kingine kabisa. Umevamiwa, umefyatua 2, jamaa amekimbia, hujui kama ana mwenzake nje, polisi bado hawajafika, na wewe una 3 tu ndani ya silinda. Hapo hakuna anayekukimbiza, una muda wa kurudi nyuma ya ukuta, kufungua silinda, kusukuma kidogo tu ile fimbo ya kutolea maganda ili yainuke, kuchomoa yale 2 matupu kwa vidole na kuweka mapya 2. Sasa uko kamili tena. Bila akiba unakaa na hizo 3 unaomba Mungu. Hiyo ndiyo vita anayoisema ndugu yetu?

Sasa kwenye kubeba ndipo kuna kazi. Risasi zikiwa huru mfukoni zinashika uchafu na nyuzi za nguo, zinageuka huku na huku, ukizitaka kwa haraka unatoa sarafu. Kuna spidiloda, kile kidude cha duara kinachoshika risasi zote kwa mpangilio wa silinda, unaziingiza zote mara moja unaachia. Kwa spidi ni vigumu kukishinda katika hizi risasi za kawaida za rivolva, zenye ukingo uliojitokeza kwenye kitako, ila kinene, kinatuna mfukoni kama limao, na ukishaonekana umetuna kificho chako kimekwisha. Mimi napendelea ukanda bapa wa mpira, ule wenye vitundu vinavyobana kitako cha risasi. Unalala mfukoni kama siyo kitu, unaingiza risasi mbilimbili, unauvuta pembeni zinaachia. Wenye akili hawaujazi wote, wanaacha kitundu kimoja wazi katikati ili vidole vipate pa kushika. Ni polepole kuliko spidiloda, kweli, lakini kwa ile kazi ya kujazia 2 ndio wenyewe hasa, spidiloda haijui kujazia, yenyewe inataka silinda tupu. Halafu kuna rivolva zinazotumia risasi za zile bastola za magazini, zisizo na ukingo uliojitokeza, hizo zinashikwa na kisahani chembamba cha chuma, mtindo wa tangu rivolva za jeshi la Marekani za 1917. Ni haraka sana ila kisahani kikipinda kidogo tu silinda inagoma kuzunguka, kwa hiyo usikiweke mfuko wa nyuma ukakikalia.

Anayedhani haya ni mambo ya nadharia akasome habari za Newhall, California, Aprili 1970. Askari 4 wa barabara kuu waliuawa ndani ya dakika chache, na mmoja wao alipigwa wakati ndio kwanza amemaliza kuingiza risasi mojamoja kwa vidole. Baada ya pale kikosi chao kikaanza kutumia spidiloda. Sawa, sisi siyo askari na wala hatufukuzi majambazi barabarani, lakini vidole vya mtu mwenye hofu ni vilevile.

Na ndio maana mazoezi. Nunua risasi za bandia za mazoezi, hakikisha chumbani hakuna hata moja ya kweli, kisha fanya mpaka mikono izoee. Wakati wa kutoa maganda yote kwa pamoja mtutu uangalie juu, piga fimbo kwa kiganja mara moja kwa nguvu, hizi rivolva fupi fimbo yake fupi pia, ukisukuma kwa upole ganda linabaki nusu. Ukitoa huku mtutu umeinama ganda linaweza kuteleza likaingia chini ya ile nyota inayoyasukuma, hapo umekwama na siyo kukwama kwa dakika moja. Wakati wa kujaza sasa mtutu chini, risasi zidondoke zenyewe. Akiba ikae upande wa mkono utakaojazia, na mfuko huo usiwe na kitu kingine, hata karatasi. Risasi za pua ya mviringo zinaingia kirahisi kuliko zile zilizokatwa bapa, kwa hiyo hata kama ndani ya silinda unapenda bapa, kwenye ukanda weka za mviringo. Na mwenye rivolva mbili awe makini, risasi ya .38 Special inaingia kwenye rivolva ya .357 Magnum lakini risasi ya .357 haiingii kwenye rivolva ya .38, ganda lake lilirefushwa makusudi tangu 1935.

Jambo ambalo ndugu yetu angelisema ningemuunga mkono ni usalama nyumbani. Mtu anarudi usiku, rivolva anafungia kwenye sanduku vizuri, ukanda wa risasi unabaki kwenye suruali iliyotundikwa mlangoni na watoto wapo! Akiba iingie sanduku lilelile, usiku uleule. Koti likienda kufuliwa kagua mifuko. Na kabla ya safari ya ndege mwaga begi lote mezani, manake risasi moja uliyoisahau kwenye kona ya begi inatosha kukulaza mahabusu, na kibali chako hakitakuokoa pale. Kama kibali chenyewe kimeandika idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, za kwenye ukanda nazo zinahesabiwa humohumo.

Wako msomaji, mwenye rivolva moja na ukanda mmoja