Daktari wa kwenye filamu na bibi wa Kyaka: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari mkoani Kagera. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi swali la kueleza jinsi utawala wa Idi Amin wa Uganda ulivyoanguka. Kijana mmoja, msikivu sana darasani, alijaza ukurasa mzima kuhusu daktari wa Kizungu aliyekuwa msiri wa Amin, akamgeuka, akatoroka kwa ndege kutoka Entebbe ili akaieleze dunia ukweli. Jeshi letu, JWTZ, lililomng'oa Amin, halikupata hata mstari mmoja. Nilipomwita akaniambia, "Mwalimu, mbona nimeiona kabisa?" Aliiona kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, imetafsiriwa kwa Kiswahili na dijei ambaye naye alitia chumvi yake.

Filamu hiyo ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Forest Whitaker alimwigiza Amin kwa ustadi uliompatia tuzo ya Oscar, na ugumu wangu unaanzia hapohapo. Amin akishakuwa wa kweli namna ile, mtoto anaamini na vyote vinavyomzunguka. Yule daktari, Nicholas Garrigan, hakuwahi kuwepo; ametoka kwenye riwaya. Utekaji wa ndege iliyopelekwa Entebbe mwaka 1976 ulitokea kweli, ila yeye amechomekwa tu. Kay, mke wa Amin, naye alikuwepo, na mwaka 1974 mwili wake ulikutwa umekatwa vipande. Filamu imempa hawara wa kubuni ili hadithi inoge. Mwanamke aliyekufa kifo kibaya kiasi kile alistahili heshima zaidi ya hiyo.

Watoto hawa wanaishi palepale vita vilipopiga. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, wakalipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba, na Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Magofu ya kanisa lililobomolewa yapo Kyaka hadi leo, na askari wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Kwa daladala ni nauli ndogo tu.

Sikuombi filamu zipigwe marufuku. Mimi mwenyewe nazipenda, na hakuna maneno yangu ubaoni yanayoweza kuonyesha hofu ya raia wa Uganda wa miaka ile kama vipande vichache vya filamu hii vinavyoonyesha. Ninachoomba ni mwongozo wa mwalimu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekuja, filamu zinaingia madarasani kupitia simu na projekta, na kila mwalimu anajitegemea. Tuandikieni, kwa kila filamu inayotumika sana, kurasa mbili tatu: nani alikuwepo, nani amebuniwa, tukio gani limesogezwa, kipande gani kinafaa kwa umri gani. Mwanafunzi apewe kazi ya kuikagua filamu kama anavyokagua ushahidi mwingine wowote.

Yule kijana sikumkata alama zote. Nilimtuma kwa bibi yake, aliyekimbia Kyaka mwaka 1978 akiwa na mtoto mgongoni. Alirudi na kurasa tatu: walivyolala kwenye migomba wakisikia mizinga, jinsi bibi alivyomziba mtoto mdomo kwa kanga asilie, ng'ombe wa jirani walivyoswagwa kuelekea Uganda. Darasa lilikaa kimya alipokuwa akisoma, kisha wakaanza kunyoosha mikono. Wengi nao wana bibi.

Sauti ya bibi huyo ipo kwenye simu ya mjukuu wake, dakika 22. Simu yenyewe kioo kimepasuka na chaji haikai. Naomba Taasisi ituambie, Ndugu Mkurugenzi, tuipeleke wapi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Historia, Kagera