Kabla hujamtafsiri Fitzgerald

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na habari ya kuileta The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, katika Kiswahili imenifurahisha mno. Unauliza kama waweza kuitafsiri kwa uhuru. Jibu ni ndiyo: huna wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo. Ila ujue sababu, maana mchapishaji atakuuliza.

Kila nchi ina hesabu yake ya muda wa haki miliki. Tanzania na Kenya huhesabu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Fitzgerald alifariki tarehe 21 Desemba 1940, basi kwa hesabu hiyo muda wake uliisha mwaka 1990. Uingereza ni miaka 70, nayo imepita. Marekani, kwa vitabu vya zama zile, hutazamwa mwaka wa kuchapishwa. Riwaya ilitoka Aprili 1925, ikapewa miaka 28 na mingine 28 kwa kuandikishwa upya. Bunge la Marekani likarefusha jumla hadi 75, na mwaka 1998 hadi 95. Ndiyo maana kule imekuwa huru tangu tarehe 1 Januari 2021. Riwaya yake nyingine, Tender Is the Night, ni ya 1934: tafsiri yake usiiuze Marekani kabla ya 2030, hata kwa intaneti.

Watu wengi hukwama kwenye nakala wanayotafsiria. Shika matini ya 1925. Fungua ukurasa wa mwisho utazame neno lililo kabla ya "future": likiwa "orgastic", ndilo aliloandika mwenyewe, likiwa "orgiastic", ujue umeshika matini iliyofuata toleo la 1941, ambapo mhariri wake, Edmund Wilson, alilibadilisha akidhani ni kosa. Kwa mfasiri hayo ni maneno mawili mbalimbali kabisa: la kwanza ni la kilele cha raha, la pili ni la karamu za anasa na ulevi. Dibaji na maelezo ya wahariri wa siku hizi yana wenyewe, usiyaguse.

Jalada nalo, lile la macho na midomo juu ya taa za mji, lilichorwa na Francis Cugat. Kitabu kiko huru, lakini mchoraji alifariki 1981, na miaka 50 yake inakwisha mwisho wa 2031. Mtafute mchoraji wako.

Katika utangulizi, nakusihi usiandike kwamba alikuwa fukara maisha yake yote. Mwaka 1929 jarida la The Saturday Evening Post lilimlipa dola 4,000 kwa hadithi moja fupi, na wakala wake, Harold Ober, akichukua asilimia 10. Mwaka 1937 kampuni ya filamu ya MGM ilimwajiri kwa dola 1,000 kwa wiki. Kilichomwangusha ni kukopa kwa Ober na kwa mchapishaji wake, Scribner, juu ya hadithi ambazo hajaziandika. Hadithi ikiuzwa, fedha zinaingia kwenye deni. Juu yake gharama za hospitali za mkewe, Zelda, na ada ya binti yao, Scottie. Hesabu ya mwisho ya mrabaha aliyopata ilikuwa dola 13.13, na nakala za chapa ya pili ya Gatsby, 3,000 tu za Agosti 1925, zilikuwa bado ghalani. Inaniuma kila nikiisoma. Fedha nyingi za kitabu hiki zilikuja yeye akiwa kaburini, zikamfikia Scottie.

Tafsiri yako nayo italindwa, maisha yako na miaka 50. Kwenye ukurasa wa haki miliki andika jina lako kama mfasiri, mwaka, na kwamba umetafsiri matini ya 1925. Ukimaliza sura ya kwanza nitumie niisome.

Ndugu yako,
Salim