Zuhura, usinunue mashine nyingine kwanza

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na Hamisi amepona kabisa, anakusalimu.

Barua yako imenishughulisha tangu nilipoifungua. Programu ilikwenda vizuri kwa prosesa moja, ukaigawa kwa nane, ikawa nzito kuliko mwanzo! Na sasa unataka mashine kubwa zaidi. Nakusihi, subiri.

Nimeupitia msimbo uliouambatisha. Kila uzi (sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine) una kihesabio chake na haugusi cha mwenzake, ndiyo maana hukuweka kufuli la kuzuia nyuzi mbili kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapo uko sawa. Ila vyote vinane umevipanga kwenye safu moja, kila kimoja baiti 8. Prosesa haichoti baiti 8 peke yake kutoka kwenye kumbukumbu. Huchota mstari mzima wa kache (kumbukumbu yake ndogo ya haraka), na kwenye mashine nyingi za sasa mstari huo ni baiti 64. Piga hesabu mwenyewe: vihesabio vyote vinane vinaweza kuenea kwenye mstari mmoja. Ni kama watu wanane wanaoandika kwenye daftari moja: kila mtu ana ukurasa wake, lakini daftari linanyang'anywa kutoka mkono hadi mkono. Prosesa moja ikiandika, nakala za mstari huo kwenye kache za nyingine zote zinabatilishwa, nazo zikitaka kuandika lazima ziuchukue upya. Muda wako unaishia njiani.

Fanya hivi: kila uzi ujumlishe kwenye kigezo chake cha ndani (mahali pake pekee pa kuweka namba), uandike jibu mara moja tu mwishoni.

Hamisi anashauri uhamie MPI, yaani utaratibu wa prosesa kutumiana ujumbe. Ni njia nzuri mashine zikiwa nyingi, kila moja na kumbukumbu yake. Wewe una mashine moja, naona ni mzigo wa bure.

Halafu kuna jambo alilolieleza Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, mwaka 1967. Ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, hata ukiwa na prosesa elfu huwezi kufikia kasi ya mara 20. Kule mwanzo unasoma faili kwa uzi mmoja... lakini turudi kwanza kwenye ile safu, naamini ndiyo inayokuumiza.

Kusoma faili kunachukua muda gani? Faili zinalingana ukubwa, au uzi mmoja unapewa kubwa huku wenzake wamemaliza na wamekaa? Ungeweza kuziweka kwenye foleni moja, uzi uliomaliza uchukue inayofuata? Na kazi unaikabidhi lini? Mama anaendeleaje?

Rafiki yako,
Neema