Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mashine zipo, sisi hatujafundishwa

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Mafunzo ya ultrasaundi ya kitandani na mashine za kupumulia kwa wahudumu wa wagonjwa mahututi

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua za awali, zilizofuata ngazi zote za kazi, hazikujibiwa. Ziligongwa mihuri, zikapanda juu, na huko zikakaa. Wiki iliyopita tumempoteza mgonjwa ambaye naamini alikuwa na nafasi ya kupona, na uvumilivu wangu umeishia hapo.

Sitamtaja mgonjwa wala hospitali. Alikuwa mama mwenye nimonia kali, amewekewa mrija wa kupumulia. Usiku wa manane kengele ya shinikizo ililia. Oksijeni ikaanza kushuka, presha nayo ikafuata. Daktari wa zamu, kijana mwenye bidii, alifanya yote aliyofundishwa: alihakikisha mrija haujatoka mahali pake, akavuta makohozi, akamwondoa mgonjwa kwenye mashine na kumpa pumzi kwa mfuko wa mkono. Mfuko ulikuwa mgumu kubana. Akasikiliza kifua. Pande zote mbili pumzi ilisikika kwa shida, kama inavyokuwa kwa mapafu yaliyojaa nimonia. Akaagiza eksirei, na mpiga picha yuko jengo jingine.

Picha ilipofika ilionyesha hewa imejaa nje ya pafu la kulia na kuusukuma moyo upande wa pili. Sindano ya kuitoa hewa hiyo ikachomwa. Moyo ulikuwa umeshasimama, na hatukufanikiwa kuurudisha.

Najua wapo watakaosema hewa ya namna hiyo haisubiri picha, daktari anapaswa kuchoma sindano kwa dalili pekee. Ni kweli, vitabu vinasema hivyo. Lakini uchome upande gani, Mheshimiwa, wakati kifua chote kinasikika vilevile na mgonjwa anakuishia mikononi? Jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya wodi yetu. Kuna mashine ya ultrasaundi kwenye kabati lenye kufuli, hatua chache kutoka kitanda kile. Ufunguo anakaa nao mtaalamu mmoja anayefanya kazi mchana. Hata kabati lingekuwa wazi, zamu nzima ya usiku ule haikuwa na mtu aliyefundishwa kuisoma.

Nieleze kwa ufupi, ili asije mtu akakwambia tunadai anasa. Pafu zima na ukuta wa kifua vimefunikwa na utando, na tando hizo husuguana kila mtu anapovuta pumzi. Kwenye kioo cha ultrasaundi msuguano huo unaonekana waziwazi chini ya mbavu. Hewa ikiingia katikati, msuguano hupotea. Ukisogeza kipimo pembeni mwa kifua unaweza kufika mahali pafu linapogusa tena ukuta, ukaona msuguano unakuja na kupotea kwa kila pumzi, na hapo huna shaka tena. Hakuna mionzi, hakuna kumhamisha mgonjwa, hakuna kumsubiri mtu wa jengo jingine. Mwaka 2008 Daktari Daniel Lichtenstein wa Ufaransa alichapisha utaratibu wa kupima mapafu ya wagonjwa wanaoshindwa kupumua ghafla, na ulitoa jibu sahihi kwa asilimia 90.5 yao. Huo ni ujuzi wa miaka mingi sasa. Si jambo la majaribio.

Lakini sikuombi ufunguo wa kabati peke yake. Mrija wa kupumulia ukizama sana ukaingia pafu la kulia, pafu la kushoto halipati hewa na msuguano wake nao hupotea, ingawa hakuna hewa yoyote iliyovuja. Asiyejua tofauti hiyo atachoma sindano kwenye pafu lisilovuja. Mashine hii mikononi mwa mtu asiyefundishwa inaua, kama inavyoua ikiwa imefungiwa kabatini. Ndiyo maana nasema mafunzo, na nitaendelea kusema mafunzo.

Sasa nije kwenye mashine za kupumulia, na hapa hasira yangu ni kubwa zaidi. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya. Waliopewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, walikufa asilimia 31. Waliopewa mililita 12 walikufa karibu asilimia 40. Mashine ni ileile, dawa ni zilezile, tofauti ni namba inayoingizwa na mtu aliyesimama pembeni. Uzito huo hautokani na mzani, unatokana na futi kamba: mwanamke wa sentimita 155, awe mnene au mwembamba, anahesabiwa kilo 48 hivi, na pumzi yake inayofaa ni takriban mililita 290.

Kwenye ukuta wa wodi yetu kuna karatasi iliyobandikwa tangu mashine zilipofika. Inasema mtu mzima, mililita 500. Kwa mwanamke niliyemtaja hiyo ni zaidi ya mililita 10 kwa kilo, kwenye pafu ambalo nimonia imekwishalifunga nusu. Futi kamba hatuna. Shinikizo la ndani ya pafu, ambalo linatakiwa lisipite sentimita 30 za maji, linapimwa kwa kusimamisha pumzi kidogo mwishoni mwa kuvuta, na wengi wa zamu yangu hawajawahi kuonyeshwa kitufe chake. Siwezi kuthibitisha kwamba hicho ndicho kilichopasua pafu la yule mama. Nimonia yenyewe inaweza kupasua. Lakini nalala na wazo hilo kila nikitoka kazini, na nadhani si haki nilale nalo peke yangu.

Mheshimiwa, mashine hizi zilipokabidhiwa wakati wa UVIKO-19, ulisimama mbele ya kamera ukasema kila mashine itakuja na watu waliofundishwa kuitumia. Tulikuwa tumejipanga nyuma yako, tumevaa barakoa, na tulipiga makofi. Nakukumbusha maneno hayo kwa sababu sisi tuliyaamini.

Kilichokuja ni semina ya siku mbili ukumbini. Walialikwa madaktari wachache, wauguzi hatukuwamo. Walionyeshwa picha ukutani, wakagusa mashine mara moja kwa zamu, wakapewa vyeti. Baadhi yao wamekwishahamishiwa vituo ambavyo havina hata kitanda kimoja cha mahututi. Nasikia kwenye taarifa za wizara wanahesabiwa bado kuwa wataalamu wetu.

Sijui kwa nini ilikuwa hivyo. Nahisi fedha za vifaa zina fungu lake na fedha za kufundisha watu hazina mwenyewe. Nahisi pia kwamba mashine inaweza kuzinduliwa na kupigwa picha, wakati muuguzi anayejua kupunguza pumzi saa tisa usiku hazinduliwi. Kama nimekosea sababu, nisahihishe. Matokeo yake nayaona mwenyewe.

Maana nani yuko kitandani usiku, Mheshimiwa? Ni muuguzi. Daktari wa zamu ana wodi nyingine na mapokezi. Mimi nikiwa na wagonjwa watatu wenye mirija, kengele tatu zinanisubiri mimi. Nimejifunza kwa simu yangu, kwa vifurushi ninavyonunua mwenyewe, baada ya zamu, macho yakiwa hayafunguki. Wenzangu wawili hodari wameacha kazi. Na asubuhi ndugu wa marehemu wakiniuliza, "Dada, mlifanya nini?", anayesimama mbele yao ni mimi. Hawaulizi wizara.

Tiba ya wagonjwa mahututi ilianza na mikono ya watu. Mwaka 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, Daktari Bjørn Ibsen alitaka wagonjwa walioshindwa kupumua wapewe pumzi kwa mfuko kupitia mrija shingoni. Mamia ya wanafunzi wa udaktari walibana mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi, na vifo vikapungua sana. Walifundishwa palepale kitandani, mgonjwa akiwa mbele yao. Hakuna aliyewapeleka ukumbini. Na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio WHA76.2, linalotaka huduma za dharura, za mahututi na za upasuaji ziwe sehemu ya afya kwa wote. Mawaziri ndio waliokaa kwenye ukumbi ule.

Ninachoomba kinajulikana. Mkufunzi aje wodini, akae nasi wiki kadhaa, zamu ya usiku ikiwamo. Kila mmoja wetu, muuguzi na daktari, apime vifua vya kutosha akisimamiwa, kila kipimo kiandikwe na kukaguliwa, na asiyefaulu arudie. Tufundishwe kupima urefu wa mgonjwa, kuweka pumzi, kusoma shinikizo, kujua la kufanya kengele inapolia. Tufundishwe kutazama moyo na mapafu kabla ya kummiminia mgonjwa dripu, kwa sababu utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanywa kwa zaidi ya watoto 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba maji ya harakaharaka yaliongeza vifo. Aliyefundishwa asihamishwe kabla hajamfundisha mwingine. Ufunguo ukae na zamu.

Kama yote hayo ni mengi kwa bajeti ya mwaka huu, basi achana na mengine. Achana na semina, achana na vyeti, hata mashine mpya zisije kwanza. Tupe mkufunzi. Mmoja tu, anayekuja wodini na anayebaki usiku. Nimeandika hilo kwenye kila barua iliyogongwa mhuri, na naliandika tena hapa: tupe mkufunzi.

Sihitaji kuitwa ofisini, wala sihitaji ujumbe wa pole. Nahitaji jibu la maandishi kwa wodi zote zenye mashine hizi, likisema mkufunzi atafika tarehe gani.

Wako katika kazi,

Muuguzi wa zamu ya usiku, wodi ya wagonjwa mahututi