Soya ya mbegu ipewe kalenda yake: barua ya wazi kwa Mshauri wa Kilimo wa Mkoa wa Tanga

Ndugu Mshauri wa Kilimo,

Masika ikikaribia, swali linalosikika kuanzia Muheza hadi Korogwe ni lile lile: mbegu ya soya inapatikana wapi, na kilo ni shilingi ngapi. Swali la itaota kiasi gani huja Aprili, mistari ikiwa imejaa mapengo. Hapo analaumiwa mwenye duka la pembejeo, wanalaumiwa kanga, inalaumiwa mvua. Mara nyingi uotaji uliharibika miezi tisa nyuma, katika shamba la aliyezalisha mbegu hiyo. Shamba hilo ndilo tunalokuandikia.

Soya si mahindi. Punje yake ina protini karibu asilimia 40 na mafuta karibu asilimia 20, na ngozi yake ni nyembamba mno. Chukua punje moja uiangalie kwenye kitovu, ile alama ndefu iliyokuwa imeshikana na ganda. Kando ya alama hiyo kuna kauvimbe kadogo. Huo ndio mzizi wa mche ujao, umelala chini ya ngozi tu, hauna kinga nyingine. Fimbo ikitua hapo punje hubaki nzima machoni: inasagika, inakamuliwa mafuta, kuku anaila. Kuota, haioti. Kwa hiyo soya nzuri ya sokoni inaweza isiwe mbegu kabisa, na ushauri wa soya ya nafaka haufai kuhamishiwa kwenye soya ya mbegu kama ulivyo. Huko ndiko tunakokosea, na kosa linaanzia kwenye tarehe ya kupanda.

Aina ya siku 100 ikipandwa tarehe 25 Machi hukauka mwanzoni mwa Julai. Kwa nafaka hiyo ni tarehe nzuri, maana mmea umepata masika yote. Lakini Julai ya pwani ni kusi, na kusi huja na mchoo: manyunyu ya alfajiri, jua la saa nne, manyunyu tena jioni. Mahindi yaliyoning'inia na maganda yake hayajali sana. Soya iliyokomaa inaumia. Ngozi ya punje inanyonya maji na kutanuka kuliko kiini, jua likitoka inasinyaa na kujikunja, hasa upande wa mgongo ulio mbali na kitovu. Ikirudiwa mara tano au sita, ngozi inapasuka na kuvu wa Phomopsis wanaingia. Punje hizo huwa nyeupe kama zimepakwa chokaa, nyepesi, zina nyufa. Wakulima wengi wanazitupa zenye doa la zambarau na kuziacha hizi, kumbe doa la zambarau, ingawa nalo ni ugonjwa, halipunguzi uotaji kama hizi nyeupe.

Shida ya pili ya mbegu ya masika ni usingizi mrefu. Ikivunwa Julai itasubiri hadi Machi, miezi minane, na miezi mingine inapita katika joto la kaskazi ghalani. Kanuni ya kukadiria wanayoijua watu wa mbegu ni hii: unyevu wa punje ukishuka kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka takriban maradufu, joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Ghala la bati Pangani au Mkinga linakwenda kinyume kwa yote mawili. Mafuta ndani ya punje yanachacha polepole, utando wa chembe hai unavuja, na mbegu inakufa bila kubadilika rangi.

Tunachopendekeza ni mbegu ya masika izalishwe msimu wa vuli. Ipandwe mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, aina za muda mfupi, ikauke Februari wakati hewa ni kavu, ilale wiki nne hadi nane tu, kisha irudi ardhini. Hatufichi ugumu wake. Vuli haiaminiki, ikikatika Januari punje zikijaa, mmea hufa kabla punje haijapoteza ukijani wake. Punje ya kijani ya namna hiyo haigeuki njano ghalani na mche wake ni dhaifu; mbegu ikiwa na zaidi ya punje 10 za aina hiyo katika 100, afadhali iuzwe kama chakula cha mifugo. Joto kali la Januari nalo hupunguza nguvu ya mche hata pale maji yapo. Kwa sababu hizo hatuombi vuli ya mbegu Pangani wala Mkinga. Tunaomba ijaribiwe kwenye miteremko ya Usambara, upande wa Soni na Bumbuli, ambako usiku una baridi, na penye mfereji wa kumwagilia mara mbili au tatu kuanzia maganda yanapoanza kujaa. Hata mbegu iliyozalishwa kwingine ingefaa ilale Lushoto na kushuka Machi. Mji ule uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na ubaridi wake ni ghala tusilolilipia.

Sasa udongo. Sehemu kubwa ya ardhi inayofunguliwa kwa soya Muheza na Korogwe ilikuwa ya mkonge. Mkonge hubeba kalisi (kalsiamu) nyingi sana kutoka ardhini, pamoja na potasi, na ukikatwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu unaacha udongo wenye tindikali. Hili kituo cha utafiti cha Mlingano kinalijua vizuri. Kwa nafaka, upungufu huo utauona kwenye idadi ya magunia. Kwa mbegu, madhara yamejificha: kalisi haihami kutoka majani makuukuu kwenda kwenye punje, kwa hiyo punje inaweza kuwa nene na yenye kung'aa huku ndani haina akiba. Inaota, shingo ya mche inakuwa laini, inalegea, inaoza kabla haijatoboa udongo. Potasi ikikosekana, punje hushikwa na kuvu kirahisi zaidi.

Dawa yake inajulikana. Udongo upimwe Mlingano, tindikali irekebishwe hadi pH 6 au zaidi kidogo kwa chokaa ya kilimo iliyosagwa laini, imwagwe na kuchanganywa miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Mkoa wenye mawe ya chokaa kama ya Amboni hauna sababu ya kulia chokaa. Fosforasi itolewe kwa mbolea ya TSP, nusu mfuko hadi mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari kutegemea kipimo, chini ya mstari wa mbegu lakini isigusane nayo. Urea ya kukuzia iachwe. Inavidumaza vinundu vya mizizini vinavyoupa mmea naitrojeni, mmea unarefuka na kulala, na maganda yaliyolala chini yanaoza. Bakteria wa rizobia, wanaotengeneza vinundu hivyo, wapakwe kwenye mbegu kivulini, mbegu ipandwe siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu, sentimita 3 hadi 5 kwenda chini. Mche wa soya hunyanyua punje nzima kutoka ardhini, kwa hiyo ukifukia kina cha mahindi umeufunga.

Shamba la mbegu lipandwe peke yake. Kivuli cha mahindi huchelewesha maganda ya chini kukauka, na huwezi kung'oa mimea migeni usiyoiona. Kung'oa kufanyike mara mbili: wakati wa maua, kwa rangi nyeupe au zambarau, na wakati wa kukomaa, kwa rangi ya vinyweleo na maganda. Soya hujichavusha yenyewe, hivyo mita chache kutoka shamba la aina nyingine zinatosha; uchanganyiko mkubwa hutokea kwenye turubai, mashine na magunia.

Kuna kunguni wa kijani, wale wanaonuka ukiwafinya. Kwa soya ya nafaka, wataalamu wengi hukubali kungoja hadi wafike wawili kwa kila mita ya mstari kabla ya kupiga dawa. Kwa mbegu, mmoja anatosha kuchukua hatua. Mdomo wake hutoboa ganda hadi kwenye punje na kuacha kishimo chenye nyama nyeupe, na hapo hapo kuvu hupita. Tandaza kitambaa cheupe kati ya mistari asubuhi, tikisa mmea, hesabu. Nusu saa inatosha ekari moja.

Kuvuna ndiko tungependa maafisa ugani wakae nako siku nzima. Maganda 95 katika 100 yakiwa ya kahawia, na mmea ukitikiswa punje zinalia, shamba liko tayari. Kuanzia hapo kila mvua ni hasara. Ukate kwa mundu juu ya ardhi, using'oe, maana mizizi huja na udongo na kokoto. Upure unyevu ukiwa kati ya asilimia 13 na 15. Juu ya hapo punje zinapondeka, chini ya 12 zinapasuka kama kigae. Februari ya kaskazi unaweza kuanza asubuhi zikiwa sawa, na kufika saa saba zikawa zimekauka kupita kiasi, kwa hiyo kazi ya kupura ni ya asubuhi. Fimbo itumike juu ya lundo nene lililowekwa kwenye turubai, kamwe si juu ya sakafu ya saruji. Mashine ya mahindi ikiazimwa, ngoma yake ipunguzwe hadi mizunguko 300 au 500 kwa dakika, kutegemea upana wake. Mwendo wa mahindi unazichinja.

Namna ya kujua kama zimechinjwa ni rahisi, na inafanyika pale pale uwanjani. Changanya mililita 40 za jiki ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5 katika lita moja ya maji. Hesabu punje 100 zinazoonekana nzima, zitumbukize, subiri dakika 10, mimina maji. Zenye ngozi iliyochanika zitakuwa zimevimba, nyingine mara mbili ya ukubwa wake, na ngozi imejikunja. Zikizidi 10, simamisha kupura, punguza mwendo au badilisha saa ya kazi, kisha pima tena. Punje hizo za jaribio zitupwe, zisirudi guniani.

Kukausha kuwe juu ya turubai au chanja, tabaka la sentimita tatu au nne, likigeuzwa kila nusu saa, na lifunikwe jua la saa sita. Punje isizidi nyuzi 40. Bati na lami ni jiko. Jaribio la kutikisa punje pamoja na chumvi kavu kwenye chupa ni zuri kwa nafaka: chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15 hivi. Lakini mbegu ya kuhifadhi inatakiwa asilimia 10, na kati ya 15 na 10 chumvi iko kimya. Hapo hakuna ujanja ila kipima unyevu. Ikifika 10 ndipo iingie mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayoitwa na wengi kinga njaa, ifungwe kila tabaka peke yake. Mbegu ya asilimia 14 ikifungiwa humo inakufa bila mdudu hata mmoja kuigusa. Gunia la kawaida nalo halisaidii kitu pwani: mbegu kavu hunywa unyevu wa hewa usiku kucha.

Ndugu Mshauri, yote haya wazalishaji wengi wanaweza kuyafanya. Wasichoweza ni kuyafanya kwa hasara. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 14, likikaushwa hadi 10, linabaki kilo 95 na nusu. Mnunuzi akipima uzito tu, aliyekausha vizuri amelipa kilo nne na nusu kwa ajili ya uaminifu wake, na jirani aliyeuza mbichi ameondoka na fedha kamili. Mradi bei inafuata mizani, semina haitabadilisha kitu.

Tunaomba basi uelekeze halmashauri zinazonunua au kusimamia mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe kwa ukaguzi mwepesi, zilipe kwa kilo iliyorekebishwa kwa unyevu wa asilimia 10, na nyongeza kwa uotaji. Kila kata yenye mzalishaji ipewe kipima unyevu kimoja, kinachokaa kwa afisa ugani. Na kila mbegu ipimwe tena wiki tatu kabla ya kugawiwa, hata kama ina cheti cha TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kilichotolewa wakati wa kuvuna: punje 400 katika makundi manne ya 100, kwenye mchanga wenye unyevu, zihesabiwe siku ya nane, na ihesabiwe miche iliyosimama imara, si kila kilichochungulia. Mkulima anayenunua kilo 25 kwa ekari, uotaji ukiwa 60, amenunua kilo 15 za mbegu na kilo 10 za maharage ya kuku kwa bei ya mbegu. Namba hiyo iandikwe kwenye mfuko pamoja na tarehe ya kipimo.

Vuli ijayo inaanza Oktoba. Ekari chache za majaribio Soni na Bumbuli, zikiamuliwa kabla ya Agosti, zinawahi.

Wasalaam,

Wazalishaji na wapimaji wa mbegu za jamii ya kunde,
Muheza, Korogwe na Lushoto