Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kiti cha Unguja na Waliokigombania

Wazee wetu, kina mama, na vijana mliojiunga mwaka huu, Assalaam alaykum.

Mwaka wetu ulianza kwa habari ya msiba. Tarehe 30 Desemba 2024 Seyyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat. Kikao cha Januari kilikuwa na mada nyingine kabisa, lakini hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Mzee wetu mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, alisimama akauliza: kiti kile cha usultani, kabla hakijaondolewa mwaka 1964, kilikuwa haki ya nani hasa? Kamati ikaiweka kando ratiba, tukalifuata swali hilo hadi Desemba.

Niseme nilivyoelewa mimi. Kiti cha Unguja hakikuwahi kuwa na kanuni ya urithi iliyokubaliwa na wote. Seyyid Said, aliyetawala Oman na Unguja pamoja, alifia baharini Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Oman, na hakuacha neno la kumaliza maneno. Mwanawe Thuwaini alikuwa akitawala Muscat, mji mkuu wa Oman, na mwanawe mwingine, Majid, yuko Unguja. Ndugu yao Barghash alikuwa melini pamoja na maiti ya baba yao. Akamzika usiku, kimya kimya, akitaraji kukishika kiti kabla Majid hajapata habari. Hakufaulu. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii pamoja na baadhi ya dada zake. Mmoja wao, Bibi Salme, alikuwa binti wa miaka kama 15, na ndiye aliyekuwa akiandika barua za njama ile kwa kuwa alijua kuandika. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na kiti hakukipata mpaka Majid alipofariki mwaka 1870.

Thuwaini naye hakuliacha dai lake. Alitayarisha merikebu za kuja kupigana, Waingereza wakazizuia, na shauri likapelekwa kwa Lord Canning, Mwingereza aliyekuwa mtawala wa India. Tarehe 2 Aprili 1861 akakata: Unguja ibaki kwa Majid, Muscat kwa Thuwaini, na Unguja iilipe Muscat reale (sarafu za fedha) 40,000 kila mwaka. Mimi naiona siku hiyo kuwa nzito kuliko tulivyozoea kuihesabu. Ndugu walimkabidhi mgeni ugomvi wa nyumbani, na toka hapo mgeni hakutoka tena barazani.

Aliyelipia zaidi ni Khalid, mwana wa Barghash. Mwaka 1893 aliingia kasri akashawishiwa kutoka. Agosti 1896, Sultani Hamad alipofariki ghafla, akaingia tena, na mara hii akakataa kutoka. Wanachama waliosafiri mwaka huu watakumbuka asubuhi ya tarehe 27 Agosti, tuliposimama Mizingani, mjini Unguja, mbele ya bahari tukaitazama saa. Ilipofika saa 3 na dakika 2 mwalimu wetu wa historia alinyanyua mkono, ndipo mizinga ya manowari za Waingereza ilipoanza kulipiga kasri siku ile ya 1896. Tukasimama bila kusema mpaka dakika 38 zikatimia. Watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Yeye alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akavushwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka mbali hadi kisiwa cha St Helena na Shelisheli, kisha wakamruhusu kuja hapa Mombasa, alikofariki mwaka 1927. Wengi wetu tumezaliwa na kukulia mji huu bila kulijua hilo, na mimi ni mmoja wao.

Jambo lililonishangaza kuliko yote alituonyesha kijana wetu aliyeichora nasaba kwenye karatasi ya manila. Fuateni naye: Jamshid bin Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said. Yaani yule Thuwaini aliyenyimwa Unguja mwaka 1861, ukoo wake ndio uliokalia kiti kuanzia 1911 hadi mwisho. Na mjukuu wa mjukuu wake amefia Muscat, mji ule ule ambao Canning alimwachia babu yao. Ukumbi ulinyamaza alipomaliza.

Sitaficha kwamba tuligombana. Kikao cha Juni kilivunjika kabla ya wakati. Wengine walitaka chama kitamke kwamba Mapinduzi ya 1964 yaliwadhulumu wenye haki. Wengine wakajibu kuwa enzi iliyoneemeka kwa karafuu na kwa jasho la watumwa haina haki ya kudaiwa. Nilitoa kauli yangu na nairudia hapa. Katika kugombania kote kule, tangu Majid hadi Khalid, hakuna mdai aliyewauliza waliochuma karafuu wanamtaka nani. Tukilisahau hilo, nasaba zetu zote zitakuwa pungufu. Na damu iliyomwagika Januari 1964 ni ya jirani na ndugu zetu vilevile, haipunguzwi na hoja yoyote. Chama hakitatoa tamko. Kitaendelea kukusanya habari za pande zote.

Hesabu za fedha zimo katika karatasi ya mweka hazina. Safari ya Unguja ilizidi bajeti kidogo. Pengo limezibwa na michango ya wanachama watatu walioomba wasitajwe. Ada za mwaka bado zinachelewa.

Kwa mwaka ujao nina ombi moja kubwa. Jamshid alipotoroka kwa meli Januari 1964, hakuruhusiwa kushuka Mombasa. Akaenda Dar es Salaam, na kutoka huko Uingereza. Wapo wazee mjini walioyaona au kuyasikia mambo ya siku zile, bandarini na mitaani, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Mwenye mzazi, mjomba au jirani wa umri huo aniletee jina lake kabla ya Ramadhani. Kinasa sauti tumeshanunua, kiko kwa Katibu, na vijana wawili wako tayari kwenda nyumba kwa nyumba, hata jioni baada ya swala ya Alasiri.